Majina ambayo jedwali langu halikuyashika

Jumapili, mchana. Mvua tangu asubuhi, na bati la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Sikwenda misa leo. Nilimwambia mama kwamba tumbo linaniuma, naye akanitazama kwa jicho lake lile la kujua kwamba mwanamke wa umri wangu haumwi tumbo Jumapili asubuhi bila sababu. Hakuuliza. Alijifunga kitenge, akachukua mwavuli, akaenda peke yake. Sababu yenyewe ni kwamba Mama Véro anaimba kwaya, safu ya mbele, na mimi siwezi kukaa misa nzima nikimtazama mtu niliyemwacha abebe kosa langu.

Naona haya. Niandike hivyo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Kwa yeyote anayepita hapa bila kunifahamu: mimi ni Nadège, nakaa Kapata, katika mojawapo ya zile nyumba za kampuni ya migodi zilizopangwa kwa mistari. Baba alipewa alipokuwa mfanyakazi, nasi tumebaki nayo. Nilisomea informatique Lubumbashi, na siku hizi natengeneza programu ndogo ndogo kwa watu wa hapa Kolwezi wasio na uwezo wa kumwita mtaalamu kutoka mbali. Tangu kiangazi nafanya kazi kwa coopérative moja, ushirika wa wachimbaji, vijana tunaowaita creuseurs, wanaotoka pande zote za nchi kuja kushuka mashimoni kutafuta shaba na cobalt. Pale kila mtu ananiita Ingénieur. Mimi si mhandisi hata kidogo, lakini sijawahi kumkatalia mtu.

Coopérative ilitaka kitu kimoja tu. Kila kijana, kabla ya kushuka asubuhi, aache pale barrière, kizuizi cha kuingilia mgodini, jina lake na namba ya mtu wa kuitwa iwapo litampata jambo. Wengi hawana ndugu hapa. Shimoni wanaitana kwa majina ya utani, na mtu anaweza kuchimba bega kwa bega na mwenzake msimu mzima bila kujua kwao ni wapi. Akiumia, namba ile ndiyo njia pekee ya kufika kwao.

Mama Véro ndiye anayekaa barrière na tablette, akiandika. Ni mjane. Marehemu mumewe alifanya kazi na baba yangu kikosi kimoja, na nilipokuwa mtoto nilikula kwake mara nyingi kuliko mama anavyopenda kukiri. Mimi ndiye niliyempendekeza kwa kazi ile. Na yeye ndiye aliyeitangazia kwaya nzima: "Ile machine ya barrière, ni mutoto wetu mwanamuke wa Kapata njo aliifanya." Nilijifanya naona aibu kusifiwa. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Sasa nieleze kosa. Nitajaribu kulieleza ili hata mama yangu alielewe.

Tablette ya barrière ni ya zamani na kumbukumbu yake ni ndogo. Programu yangu ya kwanza ilikuwa inashika kila kitu, majina, namba na picha za nyuso, hadi jioni, ndipo inapeleka vyote kwenye kompyuta ya ofisi. Ikafika saa moja asubuhi, watu wamejaa barrière, tablette ikaganda. Vijana wakapiga kelele. Rais wa coopérative, ambaye sote tunamwita Tata Président, akaniita ofisini akaniuliza kama nilisoma kweli au nilipita tu mbele ya shule.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimenuna, nikatafuta dawa. Nikaipata: jedwali dhaifu.

Ndani ya lugha ninayoandikia kuna mfagizi. Chuoni tulimjua kwa jina la Kifaransa, ramasse-miettes, mwokota makombo. Kazi yake ni kupita kwenye kumbukumbu na kutupa vitu ambavyo hakuna anayevishika tena, ili nafasi ipatikane. Ni kama viti vya plastiki kwenye kilio. Watu wamejaa uani kwa mwenye msiba, vijana wanapita wakiokota viti vilivyo tupu kuvipeleka upande mwingine. Kiti ambacho mtu amekikalia hawakigusi. Kiti ambacho mtu ameweka mkono juu yake na kusema "iko na mwenyewe", nacho hawakigusi. Kilichobaki kinakwenda.

Jedwali la kawaida linaweka mkono juu ya kila kiti. Jedwali dhaifu linajua kiti kipo wapi na ni cha nani, lakini halina ruhusa ya kukishika. Mfagizi akipita na hakuna mwingine aliyekishika, anakichukua, na jedwali linafuta habari zake kimya kimya. Hakuna kengele wala onyo. Ni chombo kizuri kwa kazi yake, kwa vitu unavyoweza kuvitafuta upya vikipotea.

Mimi nikaweka humo majina ya watu walio chini ya ardhi.

Tablette ikawa nyepesi kama mpya. Foleni ikaisha. Tata Président akanipa mkono mbele ya watu. Nami nikawaeleza marafiki zangu wawili wa chuo, kwa sauti ya mtu anayefundisha, jinsi nilivyowaza kwa kina. Nikikumbuka sauti yangu ile natamani kuiziba kwa mto.

Najua utauliza: sikujaribu kwanza? Nilijaribu. Hapo ndipo penye upumbavu wangu mwenyewe, usio wa mashine. Nilijaribu kwa majina niliyoyaandika mimi ndani ya programu: mama, marehemu baba, dada zangu, tantine, shangazi yangu wa Likasi, hata Mama Véro. Nikaacha tablette ifanye kazi mchana kutwa, jioni nikawatafuta, wote walikuwepo. Nilichosahau ni kitu kinachofundishwa mwaka wa kwanza. Jina lililoandikwa ndani ya programu yenyewe linashikwa na programu siku zote, mfagizi haligusi kamwe. Jina linaloingizwa na mtu kwa kidole, pale barrière, ni kitu kipya, na skrini ikishafungwa halishikwi na yeyote. Watu wangu hawangeweza kupotea hata kidogo. Vijana wa watu wengine walikuwa wanapotea kila mfagizi alipopita.

Na hakuna aliyegundua, kwa sababu idadi ilikuwa sahihi. Waliingia wangapi, walitoka wangapi, hiyo niliihesabu mahali pengine, na kila jioni ililingana. Ofisini walisoma idadi tu. Majina hayatazamwi na mtu yeyote mpaka siku yanapohitajika.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake, udongo ukawa mzito, na kabla ya saa sita ukuta wa shimo moja ukaporomoka. Walitolewa wote wakiwa hai, asante Mungu. Mmoja, Dieumerci, kijana wa Kamina aliyefika hapa majuzi tu, alitolewa nyonga na mguu vimevunjika. Simu yake ilibaki chini. Namba ya mkewe hakuijua kwa kichwa, nani siku hizi anajua namba ya mtu kwa kichwa. Wakati wanampakia garini alikuwa anawatuliza waliombeba. "Numéro ya bibi yangu iko ku barrière," aliwaambia. "Niliiandikisha asubui. Mubaulize beye."

Alituamini kiasi hicho.

Mama Véro akafungua tablette, akatafuta. Hakuna Dieumerci. Akanipigia simu. Nakumbuka kila neno.

"Nadège, mwana wangu, ule kijana wa Kamina mi nilimuandika asubui. Aliniambia hata jina ya bibi yake. Sasa machine inasema hamuna mutu. Ni nini?"

"Ni réseau, Mama," nikasema. "Itarudia."

Hapa Kolwezi ukisema réseau umemaliza mazungumzo. Mtandao ukikosekana hakuna wa kulaumiwa, ni kama mvua, mtu anakunja uso na kusubiri. Nilisema hivyo kwa mazoea. Lakini jedwali lile halihitaji mtandao hata kidogo, liko ndani ya tablette. Nilijua. Sikujua yote, ila nilijua ni mimi.

Nilipanda taxi-moto, pikipiki ya kukodi, hadi barrière, nikachukua tablette, nikakaa nyuma ya kibanda. Kati ya wote walioshuka asubuhi ile, walikuwemo wachache wa mwisho tu, wale ambao mfagizi alikuwa hajawafikia. Nikatafuta jina la mama yangu. Lipo. Tantine wa Likasi, ambaye hajawahi kukanyaga mgodi maisha yake yote, yupo.

Nilimrudishia Mama Véro tablette nikasema nitaiangalia vizuri nyumbani.

Jumatano Tata Président akatuita sote ofisini, wa barrière, wa usalama na mimi. Ule uongo wa réseau ulikuwa umeanza kuchanika, kwa sababu kijana mmoja wa ofisi alisema kweli kwamba mtandao ulikuwepo siku nzima. Tata Président si mtu mbaya. Alikuwa ametoka hospitali, alikuwa amemwona Dieumerci amelala bila mtu wa kumpa maji, na alitaka kujua kosa liko wapi.

"Ingénieur," akasema, "unieleze wazi mbele ya bantu bote. Ni machine, ao ni mutu?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja. Nilimtazama, nikaona mkono alionipa mbele ya watu, nikaona marafiki zangu wa chuo, nikaona kwaya nzima. Nikasema: "Tata Président, machine inashikaka tu kile bantu banaandika."

Sijawahi kusema sentensi ya aibu kama ile. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri, ili siku nyingine nikiulizwa niweze kusema sikumtaja mtu.

Watu wote walimgeukia Mama Véro. Nilitegemea apige kelele, kwa kuwa namjua, akiibiwa nyanya moja sokoni mtaa wote unapata habari. Hakupiga. Alitazama mikono yake.

"Mi niliona nimeandika," akasema polepole. "Pengine nilisahau kufinya kitufe. Macho yangu hizi siku..."

Akaambiwa aende nyumbani apumzike kwanza, wataona. Alichukua mfuko wake na kofia ya jua anayovaa pale barrière. Akinipita mlangoni alinishika bega, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

Mchana uleule nilisahihisha programu. Ilikuwa kazi ya dakika. Nilifuta neno moja tu, lile linalosema dhaifu, na jedwali likawa jedwali la kawaida linaloshika kilicho chake. Tablette haikuganda hata, maana kumbe tatizo lote la mwanzo lilikuwa picha, ningezipunguza tu ukubwa lingeisha. Nikampelekea Tata Président ujumbe kwamba nimefanya "maboresho". Akajibu: asante Ingénieur.

Ningeweza kuishia hapo. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba nilipanga kuishia hapo.

Jana, Jumamosi, niliamua kwenda hospitali na biskuti na chupa ya juisi, kama mtu anayejinunulia usingizi. Kwetu anayejua hospitali anajua: mgonjwa haachwi kwa wauguzi peke yao. Wao wana dawa na sindano. Chakula, maji ya kuoga, kubadilisha shuka, kumgeuza, kumwita daktari anapozidiwa, hizo ni kazi za ndugu anayelala naye pale, garde-malade. Asiye na garde-malade anaangalia wenzake wakila. Njiani nilijiambia kwamba huenda coopérative imemtafutia mtu.

Alikuwa na mtu. Mama Véro alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamkatia Dieumerci bukari, ugali wetu, vipande vidogo na kumlisha pamoja na sombe, majani ya muhogo.

Alikuwepo pale tangu Jumatano ileile. Alitoka kwenye mkutano wetu, akapita nyumbani kuchukua sufuria na shuka, akaenda. Alimwosha mwanamume asiye ndugu yake. Na Alhamisi asubuhi alikwenda hadi Kasulo, ambako Dieumerci alikuwa amepanga chumba, akauliza mlango kwa mlango, kwenye vichochoro vile vilivyojaa mashimo, mpaka akampata mtu wa Kamina anayejua namba ya jirani wa familia ile. Ndivyo mke alivyopatikana.

"Mi nilipoteza numéro, basi mi njo nitaitafuta," aliniambia, huku akinisogezea kiti. "Ungekuya mapema, ungekula pamoja na siye."

Nilikaa. Nilikula pia. Alinipa kwenye kifuniko cha sufuria nami nikala.

Tulikuwa hapo bado wakati mke wa Dieumerci alipoingia. Anaitwa Solange. Alikuwa amesafiri juu ya lori na mtoto mgongoni, matope hadi magotini. Alisimama mbele ya kitanda, akamtazama mumewe, akamgusa uso, shingo, kifua, kama anayekagua kama ni yeye kweli. Dieumerci alikuwa analia. Kisha Solange akauliza ni nani wa barrière, kwa sababu jirani aliyepokea simu alimtajia kwamba mama wa barrière ndiye aliyepiga.

"Njo mimi," akasema Mama Véro, akasimama.

"Bwana yangu aliacha numéro kwako?"

"Aliiacha."

"Sasa juu ya nini hamukuniita?"

Solange akavua kitambaa cha kichwa. Alikuwa amenyolewa kipara, ngozi bado nyeupe.

Habari za maporomoko zilikuwa zimefika Kamina Jumatano kwa mdomo wa dereva wa lori, na kama kawaida zilifika zimekua. Shimo limemeza wote. Solange alipiga simu ya mumewe, haipatikani. Alisubiri mtu wa huku ampigie, hakuna. Kwa watu wa kwao simu isiyopigwa ilikuwa jibu tosha. Ndugu wa mume wakakusanyika, wakamkalisha chini kwenye mkeka, wakaanzisha kilio, wakamnyoa kama wanavyonyolewa wajane. Alikuwa mjane wa mtu aliyekuwa analishwa sombe hapa kwetu. Mama mkwe, alisema, hajaweza kusimama hadi leo, hata baada ya kusikia kwamba mwanawe yu hai.

"Balininyoa, mama," Solange akasema. Hakupaza sauti. "Angalia."

Mama Véro akapiga magoti pale sakafuni, katikati ya wodi, wagonjwa wote wakitazama. "Nilisahau kufinya mu machine," akasema. "Kichwa yangu haikai tena vizuri. Unisamehe, mwana wangu. Ni mimi."

Na mimi nilikuwa hatua chache kutoka hapo, nimeshika juisi. Nilitazama magoti yake kwenye simenti yenye maji. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na maneno, hakuna aliyenishika mdomo. Solange hakumwinua. Mimi nikaweka chupa juu ya meza, nikaaga kwa sauti ndogo, nikatoka.

Nilifika nyumbani nikatapika ile bukari yote.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nisiende misa. Nilikuwa nimekaa hapa, naandika, nikitarajia kwamba nikishaandika nitajisikia nafuu na jambo litakuwa limekwisha. Kisha simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Véro, nyuma yake nasikia watu wanatoka kanisani.

"Nadège, mwana wangu, mama yako anasema tumbo inakuuma. Pole. Nilitaka kukuomba kitu. Kama Président atanirudisha, unifundishe tena ile machine. Polepole, tangu mwanzo. Na usinichoke. Mi siko tena mutu wa zamani, ninaona."

Nimeusikiliza mara nyingi. Nimejaribu kumjibu kwa sauti nikafuta, nikajaribu kwa maandishi nikafuta. Naacha kuandika. Nakwenda.

*

Nimerudi. Jua linazama, viatu vimelowa, naandika nikiwa nimejifunga blanketi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, chini ya kibaraza, anachambua maharagwe. Binti yake ndiye aliyekuwa anawasha mbabula, jiko la makaa, na hilo lilinishangaza, kwa sababu Mama Véro haruhusu mtu kugusa makaa yake. Nilimwuliza. Akasema ameamua kutowasha moto tena akiwa peke yake, wala kwenda bombani na mjukuu. "Kama nasahau mutu muzima," akasema, "nitasahau na moto."

Sikungoja kukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwenye mvua nusu na kibaraza nusu. Nilisema kwamba aliandika. Kwamba alifinya sawasawa, kwa Dieumerci na kwa wote wa siku ile na wa siku zote za nyuma, na mashine ikawatupa kwa sababu mimi niliiambia isiwashike. Sikumweleza mfagizi wala viti. Nilisema tu: "Haukusahau, Mama. Ni mimi."

Aliinua uso kutoka kwenye maharagwe.

"Basi niliandika?"

"Uliandika."

"Dieumerci na jina ya bibi yake?"

"Vyote."

Akamgeukia binti yake. "Umesikia? Niliandika." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia, akajifuta macho kwa ukingo wa kitenge. Kwa muda mfupi nilidhani imekwisha. Nilikuwa tayari kukumbatiwa, nikiri na hilo.

Kisha akaacha kucheka. Akaweka ungo chini.

"Ulijua tangu lini?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mashine.

"Tangu mardi, Mama, siku ile shimo ilianguka."

"Mardi ileile? Kabla ya mukutano?"

"Ndiyo."

"Na jana, ku hôpital, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Binti yake alikuwa ameacha kupuliza makaa. Mama Véro alinitazama, na nikaona anapita siku moja moja, mkutano, Kasulo, bukari kwenye kifuniko, simenti. Sikuweza kumtazama hadi mwisho. Nilimwomba msamaha. Nililia, na hata nikiwa nalia nilijua kwamba nalia mapema mno, kabla yeye hajapata nafasi.

"Ngoja," akasema. "Unisamehe, unisamehe, hapana, ngoja. Kwanza uniache nikasirike."

Basi nikasimama, nikamwacha akasirike. Hakutukana, hakupiga kelele. Alirudi kwenye maharagwe yake akayachambua yote, mbovu upande huu, nzima upande ule, na mimi nimesimama. Alipomaliza alisema bila kuinua macho:

"Kesho asubui utanipitia, tutaenda ku hôpital. Utamuambia Solange. Kisha tutatoka pale tuende kwa Président, utamuambia na yeye. Mi nitakuwa pembeni yako. Lakini sitakusaidia kusema, hata neno moja."

Nilisema ndiyo. Aliingia ndani. Binti yake ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani, na hakunipa mkono.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama pia, jikoni, kabla sijavua viatu. Alikuwa anaweka ndoo chini ya bati linalovuja. Hakunikaripia. Aliuliza tu kama Solange ana kitambaa kizuri cha kichwa, kisha akaenda chumbani kutafuta kwenye sanduku lake.

Sijui Tata Président atafanya nini nami. Pengine kesho hakuna tena Ingénieur, na itakuwa haki. Naogopa zaidi wodi ile, vitanda vyote vile, na mwanamke mwenye kipara akinitazama wakati namweleza kwa nini simu yake haikulia. Nimetafuta maneno mazuri na nimeyaacha, kwa kuwa nimeona nikipewa nafasi maneno mazuri nayafanyia nini.

Naweka maandishi haya hadharani kabla usiku haujaingia, ili asubuhi nisipate kisingizio cha tumbo tena. Mama Véro ataniona nikifika kwake mapema, na mtu atakayepiga magoti mbele ya kitanda kile kesho hatakuwa yeye.